Bloku ya Boxer: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Pikipiki inayotoa moshi wa buluu kila unapofungua mafuta, inayopanda kutoka bondeni Mathare hadi Juja Road kwa gia ya pili ikiwa na abiria mmoja tu, na inayodai kuongezewa oili kabla ya wiki kwisha, hiyo silinda yake imechoka. Au pengine haijachoka. Hapo ndipo pesa za madereva wengi wa Eastleigh zinapopotelea: fundi anasikiliza injini kwa dakika moja, anatikisa kichwa, anasema "hii ni bloku," na kabla ya adhuhuri mwenye pikipiki yuko dukani ananunua kitu ambacho hakuna mtu aliyekipima.

Ninaandika kwa ajili ya mtu anayeijenga upya pikipiki yake. Anaweza kuwa dereva wa boda anayebeba marobota ya vitambaa kutoka First Avenue kwenda Gikomba, au mtu aliyenunua fremu yenye logbook safi na injini iliyokufa, na sasa anakusanya spea moja baada ya nyingine. Ukikosea kuchagua taa, kiti, au hata klachi, kesho yake unabadilisha na maisha yanaendelea. Bloku ukiikosea, itakula ringi, itachana pistoni, na inaweza kufika hadi kwenye krenki kabla hujajua kuna tatizo.

Anza na moshi, lakini usiishie hapo. Moshi wa buluu unaotoka muda wote ukiwa umefungua mafuta huashiria ringi au silinda. Moshi wa buluu unaotoka kwa sekunde chache unapowasha asubuhi, au unapofungua mafuta tena baada ya kuteremka mlima ukiwa umeyafunga, mara nyingi ni sili za valvu, na sili ni kitu kidogo cha bei ndogo ambacho hakihitaji bloku yoyote. Moshi mweusi hauhusiani na silinda hata kidogo. Hiyo ni kabureta inayomwaga petroli kupita kiasi, au eyaklina iliyoziba.

Fundi akiwa na geji ya kompresheni, mwambie apime mara mbili. Mara ya kwanza apime kavu, mafuta yakiwa yamefunguliwa hadi mwisho huku ukipiga kiki. Kisha amimine kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, apime tena. Kipimo kikipanda vizuri baada ya oili, ringi na silinda ndizo zinazovujisha, kwa sababu oili imeziba mwanya wao kwa muda. Kisipopanda, tazama valvu. Jambo moja ambalo mafundi wengi hawalizingatii: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina mgandamizo pungufu kwa kama asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini huwa ni cha usawa wa bahari. Injini nzima kabisa ikipimwa Eastleigh itasoma chini ya hapo, na nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu hiyo. Linganisha na pikipiki ya mwenzako ya aina ileile iliyo nzima, papo hapo stejini. Hicho ndicho kipimo cha haki.

Sasa chukulia injini imefunguliwa na bloku iko mezani. Ifute kwa kitambaa safi, uielekeze kwenye mwanga. Silinda nzima ina mistari myembamba inayokatizana, ambayo kazi yake ni kushika oili. Iliyochakaa inang'aa kama kioo upande wa mbele na wa nyuma, yaani pande ambazo pistoni huegemea inaposukumwa. Pitisha ukucha kutoka juu kwenda chini. Karibu na mdomo wa juu, mahali ringi ya kwanza inapofikia na kugeuka, ukucha ukikwama kwenye kidato, ujue chuma kimelika. Mikwaruzo ya wima ambayo ukucha unaihisi waziwazi haiondolewi kwa msasa, hata fundi akiapa kwamba atailainisha.

Lakini ukucha hautoi namba, na kuchagua bloku bila namba ni kubahatisha. Geji ya ndani ya silinda ni ghali na mafundi wa kando ya barabara hawana. Filageji wanayo, kwa sababu wanaitumia kurekebisha valvu, na hiyo inakutosha ukijua kuitumia. Chukua ringi mpya ya saizi ya kiwandani. Iingize ndani ya silinda, chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki injini ikizunguka, kisha isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa bila kuinama. Pima mwanya kati ya ncha zake mbili. Tuseme ni 0.20 mm. Sasa ipandishe hadi chini kidogo ya kile kidato cha juu, isawazishe tena kwa pistoni, upime. Tuseme ni 0.55. Tofauti ni 0.35. Igawanye kwa 3.14, unapata 0.11 mm. Hicho ndicho kipenyo kilichoongezeka juu kuliko chini. Mzingo wa duara hukua mara tatu na ushei zaidi ya kipenyo chake, kwa hiyo ringi inakuonyesha kwa ukubwa kile ambacho jicho haliwezi kukiona. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa karibu 0.07 mm, na injini hizi ndogo huanza kula oili silinda ikipanuka kwa kiasi kinachozidi hapo kidogo tu. Vitabu vingi vya injini za aina hii huweka kikomo karibu na 0.10 mm.

Ringi haikuambii kama silinda imekuwa duaradufu, kwa sababu yenyewe hujipinda kufuata umbo. Kwa hilo unahitaji geji halisi, na mwenye mashine ya kuchonga anayo. Atapima sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu mara mbili, mbele kwenda nyuma na kulia kwenda kushoto. Ukimpelekea bloku akaitazama tu kwa macho na kukutajia bei, ichukue uondoke.

Ukishakuwa na namba ndipo swali la kweli linakuja: uchonge ya zamani au ununue mpya? Msimamo wangu ni huu. Bloku iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani, ikiwa haijapasuka na mapezi yake hayajavunjika, ichonge kwanza. Chuma chake kimepashwa moto na kupoa maelfu ya mara, kimeshatulia, na si rahisi kijipinde tena. Pistoni za saizi ya juu huuzwa kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, na kwa injini nyingine 0.75 na 1.00. Boxer BM150 ina silinda ya milimita 56. Ukichonga hatua ya kwanza unafika 56.25, ya pili 56.50. Kwa hatua ya pili cc inapanda kutoka 144.8 hadi karibu 147.4, tofauti ambayo hata hutaihisi barabarani.

Utaratibu wa kuchonga una sharti moja ambalo halina mjadala. Nunua pistoni na ringi kwanza, uzipeleke pamoja na bloku. Mwenye mashine apime pistoni hiyo hiyo kwa mikromita, kwenye sketi yake, upande ulio kwa pembe mraba na pini, kisha achonge silinda kuifuata. Pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 kutoka viwanda viwili haziwi sawa. Akichonga kwanza "saizi ya hamsini" halafu wewe uende kutafuta pistoni, umefunga mlango nyuma yako: chuma kilichotolewa hakirudi. Kariobangi Light Industries kuna watu wanaofanya kazi hii kwa uangalifu mkubwa, na vilevile kwenye karakana za kuelekea Kirinyaga Road. Muulize mwenye karakana ataacha mwanya wa kiasi gani kati ya pistoni na silinda. Kwa injini ndogo inayopozwa na hewa jibu lake liwe katika sehemu za mia za milimita, 0.02, 0.03, 0.04, kulingana na kitabu cha injini yako. Akikujibu "itaingia vizuri tu," hujapata jibu. Na baada ya kuchonga lazima apitishe mawe ya kukwaruza ili arudishe ile mistari inayokatizana. Silinda iliyochongwa ikaachwa laini haitazoeana na ringi kamwe.

Kuna hali ambazo kuchonga hakuna maana: bloku imeshachongwa hadi hatua ya mwisho, slivu imepasuka, nyuzi za boliti zimekwisha, au pistoni ilishika na kuchimba ndani kabisa. Nyingine ni bloku isiyo na slivu ya chuma. Baadhi ya injini za kisasa zina silinda ya aluminiamu iliyopakwa utando mgumu wa nikeli na silikoni kabaidi. Utando huo hauchongwi. Njia ya kutambua ni sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu: iguse ndani ya silinda. Ikinata, kuna slivu ya chuma. Isiponata, weka pesa zako tayari kwa bloku mpya.

Tuje dukani. Mazungumzo huwa hivi:

"Bosi, nataka bloku ya Boxer."

"Ya mia ama mia hamsini?"

"Mia hamsini."

"Orijino ama ya kawaida?"

Wengi hujibu hilo swali la mwisho kwa kutazama mfukoni, kisha wanapewa boksi lililofungwa, na wanaondoka. Wewe usijibu bado. Sema, "Nifungulie zote mbili nizione." Mwenye duka mwaminifu hana shida na hilo, na Eastleigh wako wengi, maana biashara ya huku imejengwa juu ya mteja kurudi. Nenda asubuhi siku ya kawaida. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya swala, na dakika kumi kabla ya kufunga hakuna atakayekuwa na subira ya kukuangalia ukipima.

Kabla ya ubora, hakikisha utambulisho. Jina "150" kwenye boksi limewaponza watu wengi, kwa sababu linaweza kumaanisha injini mbili zisizo na undugu. Boxer BM150 ni kipenyo cha 56 na mwendo wa pistoni wa 58.8 mm. Pikipiki za Kichina za 150 zilizotokana na Honda CG zina kipenyo cha 62 na mwendo wa 49.5. Dada yake wa 125 ni 56.5 kwa 49.5. Ona basi: kati ya bloku ya Boxer 150 na ya CG 125 kuna nusu milimita tu ya kipenyo, na kwa macho zinaweza kukudanganya zikiwa zimelala kwenye rafu. Lakini zitazame ubavuni. Boxer huendesha valvu zake kwa keni iliyo juu kwenye hedi, inayozungushwa na cheni ya taiming, kwa hiyo bloku ina njia pana ya cheni kupita. CG ina keni chini, na valvu husukumwa kwa fito mbili. Honda walianza kuitengeneza CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inabebeshwa mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa kuchelewa, na mpango huo wa fito ulikuwa sehemu ya kuifanya ivumilie. Viwanda vya China vikauchukua, na ndiyo maana leo injini ya ukoo huo iko kila pembe ya Afrika Mashariki, ikiwa na majina kadhaa kwenye tangi.

Kwa hiyo bebea dukani bloku yako ya zamani. Usiende na jina tu, wala picha kwenye simu. Ziweke mbili kando kwa kando juu ya kaunta. Linganisha urefu kutoka uso wa juu hadi wa chini, maana bloku fupi kwa milimita moja inaweza kugonganisha pistoni na valvu. Linganisha matundu ya boliti ndefu nne, kipenyo cha nje cha slivu inayoingia kwenye kasha la krenki, njia ya cheni, na tundu la oili. Kisha pistoni: kipenyo cha pini yake, na umbali kutoka pini hadi kichwani. Vernia ya plastiki inatosha kwa kazi hii ya utambulisho, ingawa haitoshi kupima mwanya.

Ubora sasa. Chukua filageji yako mwenyewe na ringi iliyomo ndani ya boksi hilohilo, ufanye kipimo kile kile cha juu na chini, hapo kaunta. Bloku mpya inatakiwa isome sawa kila mahali. Ikisoma 0.20 chini na 0.30 juu, imetoka kiwandani ikiwa imechakaa. Angusha pistoni kavu bila ringi ndani ya silinda iliyosimama: iteremke yenyewe polepole, bila kukwama na bila kugongagonga pembeni. Tazama mistari ya ndani, iwe inakatizana sawasawa kuanzia juu hadi chini, isiwe imeishia katikati. Pitisha kidole kwenye mdomo wa chini wa slivu. Lazima uwe umepigwa mteremko ili ringi ziingie bila kukatika, na mdomo mkali kama wembe ni dalili ya kiwanda kilichokuwa na haraka. Weka ukingo wa rula ya chuma juu ya uso unaopokea gaskiti na ujaribu kupitisha filageji ya 0.05 chini yake. Ikipita, bloku hiyo itavuja. Na tazama sehemu slivu inapokutana na aluminiamu: mstari wa wazi unaoonekana hapo ni njia ambayo joto halitapita vizuri, na bloku hiyo itaiva kwenye foleni ya Jumamosi jioni.

Watengenezaji wengi wa India na Japani hupanga silinda na pistoni kwa makundi, wakipiga herufi kama A au B kwenye kila moja. Ukinunua seti, herufi zilingane. Muuzaji akikuchanganyia bloku ya boksi moja na pistoni ya boksi lingine kwa sababu "zote ni saizi moja," mrudishie.

Usipime ubora kwa boksi. Hologramu zinachapishwa na watu walewale wanaochapisha maboksi. Kenya ina Sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, na bado feki ziko sokoni. Kinachokulinda ni risiti yenye jina la duka na maelezo ya kitu ulichouziwa, pamoja na makubaliano ya mdomo, mbele ya mtu, kwamba ukiipeleka kwa mwenye mashine akaikataa kabla haijafungwa utabadilishiwa. Wakala rasmi, kama Car & General kwa TVS, atakutoza zaidi. Kwa ringi peke yake mimi ningelipa hiyo ziada bila kusita, hata kama bloku imetoka kwingine. Soichiro Honda, kabla hajatengeneza pikipiki hata moja, alikuwa na kampuni ya ringi za pistoni iliyoitwa Tokai Seiki, na kati ya ringi 50 alizopeleka kukaguliwa na Toyota ni 3 tu zilizokubaliwa. Ilibidi arudi darasani kusoma habari za metali. Ringi inaonekana kitu rahisi, duara tu la chuma lenye mwanya, lakini inabeba sehemu kubwa ya joto la pistoni na kukwangua oili, na ringi mbovu itaharibu bloku nzuri.

Na ile tamaa ya kuongeza cc? Huwa inakuja hapa hapa kaunta, muuzaji akikuonyesha bloku ya milimita 62 na kukuambia CG yako ya 125 itakuwa 150 kwa siku moja. Kwenye karatasi ni kweli, maana mwendo wa krenki ni uleule wa 49.5. Lakini slivu ya 62 ni pana, na mara nyingi mdomo wa kasha la krenki la 125 lazima upanuliwe kwa mashine ndipo iingie. Hedi ina valvu za injini ndogo, kabureta itahitaji jeti nyingine, na joto linaongezeka wakati mapezi ya kupoza ni yaleyale. Kwa pikipiki ya mashindano ya vumbi, sawa, ijenge. Kwa boda inayosimama na kwenda siku nzima kati ya Section One na Pangani, sikushauri. Tena kuna sheria. Namba ya injini imepigwa kwenye kasha la krenki, kwa hiyo kubadilisha bloku ya saizi ileile hakukugombanishi na NTSA, mamlaka ya usafiri. Kubadilisha ukubwa wa injini kunafanya logbook iseme kitu kimoja na chombo kingine, na Sheria ya Trafiki inataka mabadiliko ya namna hiyo yatolewe taarifa. Siku ya ajali, kampuni ya bima itakuwa ya kwanza kukumbuka hilo.

Kabla ya kufunga chochote, jiulize bloku ya kwanza ilikufa kwa nini. Eastleigh ni mtaa unaojengwa mfululizo: ghorofa inabomolewa, nyingine inapanda, mchanga na saruji viko hewani mwaka mzima. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha slivu. Pikipiki iliyotolewa eyaklina ili ingurume, au yenye mpira wa kabureta uliopasuka nyuma ya klipu, inavuta mchanga huo moja kwa moja ndani ya silinda. Bloku mpya kwenye injini hiyo haitamaliza hata nusu ya umri wa ile iliyotoka kiwandani. Nunua eyaklina na mpira siku ileile unaponunua bloku. Shika pia fimbo ya pistoni, uivute juu na chini: ikicheza wima hata kidogo, beringi ya krenki imekwisha, na kuvalisha bloku mpya juu yake ni kutupa pesa. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida.

Kuhusu kufunga nitasema machache, kwa kuwa fundi wako analijua hilo. Osha silinda kwa maji ya moto na sabuni, si petroli peke yake, hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kwa sababu unga wa mawe ya kukwaruza umejificha kwenye ile mistari. Kausha na upake oili papo hapo kabla kutu haijashika. Ziba mdomo wa kasha kwa kitambaa kabla ya kuvalisha klipu za pini, na klipu ziwe mpya. Alama ya IN kwenye pistoni ielekee upande wa kabureta. Kama kuna mshale badala yake, uelekee ekzosi. Maandishi kwenye ringi yatazame juu, na mianya yao isimame mbalimbali, isipangane.

Kisha kuzoesha. Hapa ndipo kazi nzuri ya mwenye mashine huharibiwa na haraka ya mwenye pikipiki, na ninaelewa haraka hiyo inatoka wapi, maana siku ambayo boda haitembei nyumbani hakuna kitu. Lakini kuiwasha na kuiacha ikinguruma stejini saa nzima ni kosa: bila mzigo, ringi hazibanwi kwenye silinda, na ile mistari inapakwa utando wa oili iliyoungua. Iwashe, ipate moto kwa dakika chache, uiendeshe. Kwa kilomita 500 za kwanza badilisha mwendo kila mara, usifungue mafuta hadi mwisho, usibebe abiria wawili, na usikae kwenye gia ya juu ukiilazimisha kupanda. Ifungue hadi nusu, iache irudi, ifungue tena. Kwenye foleni ndefu izime. Oili iwe ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA ubavuni, kwani klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo na oili nyingi za magari huifanya iteleze.

Mwaga oili ya kwanza mapema, usisubiri zaidi ya zile kilomita 500, tena injini ikiwa ya moto ili uchafu utoke nayo. Imwage kwenye karai safi na upitishe sumaku ndani yake. Unga laini wa kijivu unaong'aa ni wa kawaida, ni ringi na silinda vikizoeana. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, na pikipiki hiyo isiwashwe tena hadi ifunguliwe. Injini ikishapoa kabisa, kaza boliti za hedi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, pima upya mwanya wa valvu, kisha mimina oili mpya.